Chama cha Kiswahili si cha kukisifu Kiswahili tu

JUMAMOSI moja mwaka uliopita niliketi kwenye meza kuu katika hafla ya kila mwaka ya chama cha Kiswahili cha chuo kidogo ninakofundisha. Sitakitaja chuo chenyewe kwa jina. Nitakayoyasema yanaweza kusemwa kuhusu vyuo vingi nchini, na isitoshe, sehemu kubwa ya lawama itaniangukia mimi mwenyewe. Mimi ndiye mlezi wa chama hicho.

Hafla ilifana, hilo sina budi kulikiri. Wanachama walivaa fulana za kijani zilizochapishwa mgongoni maneno 'Kiswahili Kitukuzwe'. Kulikuwa na keki yenye umbo la kitabu. Mgeni wa heshima aliyetarajiwa saa tatu aliwasili saa tano na ushei, akatuhutubia kuhusu utamu wa lugha, kisha akaomba radhi kwamba ana shughuli nyingine mjini. Wanafunzi walighani mashairi, wakacheza, wakapiga picha zisizo na idadi. Tukala pilau na kachumbari. Mwishowe vikatolewa vyeti, kila mwanachama chake.

Nilipokuwa nikielekea kwenye gari, binti mmoja wa mwaka wa pili alinijia. Hakuwa amevaa fulana ya kijani. Mkononi alikuwa na karatasi tatu zilizokunjwa.

"Shikamoo, Profesa. Niliomba kusoma hii leo lakini kamati ikakataa. Walisema si ya Kiswahili."

Nikazifungua karatasi zile palepale. Zilikuwa zimeandikwa kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho.

Nimelitafakari neno hilo, 'si ya Kiswahili', kwa miezi kadhaa sasa. Naamini linaeleza maradhi yanayovisumbua vyama vyetu vya kitaaluma vyuoni kuliko ripoti yoyote niliyowahi kuisoma. Vyama hivi vimekuwa vya kukisifu Kiswahili. Havikifanyii Kiswahili kazi, wala havikitumii kufanyia kazi jambo jingine.

Kabla ya kurejelea karatasi tatu za binti yule, hebu tulitazame jarida lililozinduliwa siku hiyo, maana jarida ndilo kioo cha chama. Lina kurasa 32. Nimelisoma lote, jambo ambalo nashuku wengi waliopiga makofi wakati wa uzinduzi hawajalifanya hadi leo. Kurasa 9 za mwanzo ni za salamu: za mkuu wa chuo, za mkuu wa kitivo, zangu mimi mlezi, za mwenyekiti, za naibu wake, za katibu na za mweka hazina. Kurasa 11 ni za picha. Kurasa 4 ni za methali na vitendawili vilivyonakiliwa vitabuni bila maelezo yoyote. Kurasa 2 ni za vichekesho. Zinazosalia ni 6, nazo zina mashairi matano na insha moja.

Mashairi yote matano yanakisifu Kiswahili. La kwanza linakiita lulu. La pili linakiita asali. La tatu linakifananisha na bahari isiyokauka, la nne na mama mzazi, na la tano linarudi tena kwenye lulu. Insha nayo inaeleza umuhimu wa Kiswahili.

Nisieleweke vibaya. Vina vimepangwa vizuri na mizani, isipokuwa katika beti chache, imetimia. Waliotunga wana kipaji. Lakini ukimaliza kuyasoma mashairi hayo matano, hujui lolote kuhusu watu waliyoyatunga. Hujui wanaishi wapi, wanaogopa nini, wanadaiwa karo kiasi gani, wanampenda nani na nani kawaacha. Hujui hata kama waliwahi kukitumia Kiswahili chao kumwambia mtu jambo ambalo hakuwa akilijua. Seremala anayeshinda akiusifu msumeno wake hatatuuzia kiti.

Najua sifa hizo zilitoka wapi, na si haki kuwacheka vijana bila kukumbuka historia. Kizazi changu kilisoma katika shule ambazo mtoto aliadhibiwa kwa kuzungumza Kiswahili au lugha ya nyumbani. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mnamo 1985, mwanafunzi aliweza kumaliza shule ya msingi bila kutahiniwa Kiswahili. Anayekipenda alilazimika kwanza kukitetea. Kukisifu kulikuwa aina ya ukaidi, na ukaidi huo ulihitajika.

Lakini nyakati zimebadilika. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mnamo 2021 UNESCO iliitenga Julai 7 iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Kesi ya kukitetea tumeishinda, angalau kwenye karatasi. Mtu aliyeshinda kesi ya shamba hashindi mahakamani akisoma hukumu kila siku, hurudi kulilima.

Sasa nije kwangu. Neno 'mlezi' ni zuri mno, na katika fomu za chuo hatulitendei haki. Limetokana na kitenzi 'lea'. Anayelea hujua mtoto yupi amelala njaa na yupi ana homa. Fomu tunazojaza zinanitaka nitie sahihi tu: sahihi ya kuomba ukumbi, sahihi ya kuomba basi, sahihi ya kuidhinisha ratiba. Kwa miaka sita nimekuwa mlezi wa sahihi.

Baada ya hafla nilimwomba katibu anionyeshe faili ya chama. Nilikuta rasimu mbili za ratiba ya siku ile. Katika ya kwanza, jina la binti yule lilikuwamo: angesoma makala yake kwa dakika kumi, kabla ya keki. Katika rasimu ya pili jina limekatwa kwa kalamu nyekundu, na dakika hizo kumi zimeongezwa kwenye upigaji picha. Rasimu zote mbili zina sahihi yangu. Sikuwa nimeisoma hata moja.

Je, makala yenyewe ilihusu nini? Binti yule hasomei Kiswahili. Anasomea stashahada ya kilimo, na alijiunga na chama kwa kuwa anapenda kuandika. Alikuwa ameandika kuhusu sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi, njugu na nafaka nyingine zisizokaushwa wala kuhifadhiwa vyema. Neno lenyewe limeundwa kwa kuunganisha 'sumu' na 'kuvu', na limeanza kuzoeleka Tanzania kuliko kwetu. Huku tunataja jina la Kiingereza redioni, kisha tunashangaa kwamba mkulima hakuelewa.

Jambo hili si la mzaha. Mnamo 2004, katika maeneo ya Ukambani, hasa Makueni na Kitui, sumu hiyo iliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliotambuliwa. Walikula mahindi ya nyumbani kwao. Na hii ndiyo makala ambayo chama cha Kiswahili kiliamua kwamba si ya Kiswahili, ilhali lulu na asali ni za Kiswahili.

Nilipomuuliza mwenyekiti, kijana mstaarabu sana, alinijibu bila hila: "Prof, hiyo ni ya watu wa kilimo. Sisi tunashughulika na lugha." Nikamuuliza lugha bila jambo la kusemwa ni nini. Akanyamaza, kisha akasema, "Lakini pia, Prof, ukweli ni kwamba watu hawaji mkutano bila chakula na picha." Hilo nalo ni kweli, na nitalirudia.

Mimi nilijiunga na chuo kikuu miaka ya 1980. Chama chetu cha Kiswahili hakikuwa na fulana wala keki. Wakati mwingine hakikuwa hata na chumba, tukawa tunakutana chini ya ngazi. Jioni moja nilisoma shairi langu la kwanza. Nilikuwa nimejipiga kifua nikidhani nitashangiliwa. Mwenzangu mmoja kutoka Lamu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Ndugu, kwa nini umesema mtima? Moyo umekukosea nini?"

Watu wakaangua kicheko. Nilikasirika, lakini sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika 'mtima' kwa sababu nilitaka kina cha '-ma' na kwa sababu nilidhani neno la kale hulifanya shairi kuwa shairi. Tangu jioni ile sijawahi kuandika neno bila kujiuliza kama lile la kawaida limenikosea. Shahada zangu zote tatu hazikunifunza jambo hilo. Nilifunzwa na mwanafunzi mwenzangu chini ya ngazi.

Wapo watakaosema kwamba chuo kidogo hakina uwezo wa kufanya makubwa: hakina fedha, hakina wahadhiri wa kutosha, hakina majina. Historia ya Afrika Mashariki inakataa. Makerere ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa chuo kidogo ukiilinganisha na vyuo tulivyo navyo leo, na kilikuwa kikitoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Mnamo 1958 Idara ya Kiingereza ya chuo hicho ilianza kutoa jarida dogo la kazi za wanafunzi, Penpoint.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliwahi kusimulia jinsi alivyoingia katika jarida hilo. Mnamo 1960, nje ya bweni lake, alimsimamisha Jonathan Kariara, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyejihusisha sana na Penpoint, akamwambia kwamba ameandika hadithi fupi, je, angependa kuitazama? Alikuwa anadanganya. Hadithi hakuwa ameimaliza. Lakini kwa kuwa Kariara alikubali kuisoma, ikabidi Ngũgĩ akaimalize. Ndiyo hadithi iliyokuja kujulikana kama 'Mugumo'. Miaka miwili baadaye, Novemba 1962, wanafunzi wa Makerere waliigiza tamthilia yake The Black Hermit katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo mjini Kampala. Mnamo 1965 David Cook, mhadhiri wa chuoni hapo, alitoa kitabu Origin East Africa kilichokusanya kazi zilizotoka Penpoint.

Tazama kilichofanya kazi hapo. Jengo halikuhusika, wala bajeti. Alikuwapo mwanafunzi aliyejulikana na wenzake kuwa ukimpelekea kazi ataisoma, na lilikuwapo jarida lenye nafasi tupu iliyokuwa ikisubiri kazi. Leo mwanafunzi akidanganya kwamba ameandika hadithi, ni nani katika chama chetu atamwambia, "Haya, ilete nione"?

Dar es Salaam nako, wanafunzi wa kundi la kimapinduzi la USARF, lililoanzishwa mnamo 1967, walikuwa na jarida lao, Cheche. Walilichapa wenyewe kwa mashine ya kurudufu, wakabishana humo kuhusu ujamaa na matabaka hadi serikali ilipopiga marufuku kundi na jarida mnamo 1970. Mtu si lazima akubaliane na siasa zao ili akiri kwamba waliandika mambo yaliyomfanya mkubwa fulani akose usingizi. Sijui ni nani aliyekosa usingizi kwa sababu ya lulu zetu tano.

Hata hivyo, mwanaisimu hawezi kuipita hapo bila kuona kasoro. Penpoint ilikuwa ya Kiingereza. Cheche ilibeba jina tamu la Kiswahili, lakini makala zake zilizojulikana zaidi zilikuwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Rufiji aliyekuwa akizungumziwa humo hangeweza kuzisoma. Waliotutangulia walikuwa na ukali wa kazi, ila kwa Kiingereza. Sisi tunacho Kiswahili, ila ukali wa kazi tumeuacha njiani.

Si kwamba mawili hayo hayawezi kukutana. Ebrahim Hussein, aliyesomea Dar es Salaam miaka hiyohiyo, alichapisha Kinjeketile mnamo 1969. Hakukisifu Kiswahili humo. Alikitumia kuuliza kuhusu Vita vya Maji Maji: imani inaweza kuwaunganisha watu kwa kiasi gani, na inafanya nini inapokutana na risasi? Swali lilikuwa gumu, na Kiswahili kikalibeba. Hiyo ndiyo sifa ya kweli ambayo lugha inaweza kupewa.

Basi tufanyeje? Jibu nililipata katika neno lenyewe 'chama'. Mkenya wa kawaida akilisikia neno hilo hufikiria mambo mawili. La kwanza ni chama cha siasa, kinachohitaji wafuasi, rangi, fulana na mgeni wa heshima anayechelewa. La pili ni chama cha akina mama sokoni, cha kuchanga pesa na kupeana kwa zamu. Vyama vyetu vya Kiswahili vimeiga kile cha kwanza. Naona vingefaa kuiga cha pili.

Chama cha akina mama kina adabu yake. Hakuna anayekuja mikono mitupu. Kila mtu anajua zamu yake ni lini, na zamu hairukwi kwa sababu mtu fulani anataka kupigwa picha. Asiyeleta anatozwa faini. Na jambo kubwa zaidi: kila mmoja anajua kwamba leo anatoa ili kesho apokee.

Muhula uliofuata niliitisha mkutano na kupendekeza utaratibu huo. Kila Alhamisi jioni mwanachama mmoja angeleta kazi yake: shairi, hadithi, barua, maelezo ya jinsi ya kutengeneza pampu, chochote mradi kimeandikwa kwa Kiswahili na kina jambo la kusema. Wanachama wawili wangepewa nakala siku mbili mapema ili waje wamejiandaa. Katibu angeandika yaliyokosolewa, na mwenye kazi angerudi baada ya wiki tatu na nakala iliyosahihishwa. Kukisifu Kiswahili kungeruhusiwa, ila mara moja kwa muhula.

Mkutano wa kwanza walikuja watu 41, nadhani kwa udadisi. Wa pili walikuja 17. Wa tatu tulikuwa wanane, nikiwamo mimi. Mwenyekiti alinitazama kwa macho ya huruma, kana kwamba anasema nilikwambia. Na kweli aliniambia. Sitadai kwamba vijana wanakimbilia kukosolewa. Hata mimi sikukimbilia. Lakini wale wanane walirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena.

Zamu ya binti yule ilipofika, kabla hajasoma, nilimwomba msamaha mbele ya wenzake kwa zile sahihi mbili. "Si neno, mwalimu," akajibu. Nikajua kwamba lilikuwa neno.

Kisha akasoma. Alipomaliza, kijana mmoja kutoka Makueni aliinua mkono. "Makala ni nzuri, lakini nyanyangu hajui sumukuvu ni nini. Mwambie tu mahindi yaliyooza. Hapo ataelewa."

Nilitaka kumuunga mkono, maana siku zote nimehubiri matumizi ya maneno yanayoeleweka. Binti akanitangulia. "Ukimwambia yaliyooza, atakaa chini achague. Yale meusi atayatupa, na yale yanayong'aa atayapika. Na sumu inaweza kuwa kwenye hayohayo yanayong'aa. Huioni kwa macho."

"Si atayachemsha?" akauliza mwingine.

"Hata ukichemsha, haiishi."

Chumba kikatulia. Kwa miaka mingi nimefundisha uundaji wa istilahi. Nimewatolea wanafunzi nadharia na vigezo vya istilahi bora. Sijawahi kuona hoja ya kutetea istilahi ikiwa wazi kama ile. Neno la kawaida hapo lingeweza kuua. 'Kuoza' huonekana na hunuka. Kitu hiki hakionekani wala hakinuki, kwa hiyo kilihitaji jina lake. Tukakubaliana kwamba 'sumukuvu' libaki, ila lielezwe katika sentensi ya kwanza, na aongeze kwa herufi kubwa kwamba mahindi yanayoonekana mazuri yanaweza kuwa nayo.

Hatukuishia hapo. Makala ilikuwa na sentensi kwamba 'wakulima wanashauriwa kuhakikisha unyevu wa nafaka hauzidi asilimia 13.5'. Msichana aliyekuwa amepewa nakala mapema aliipigia mstari. "Mama yangu hana mashine," akasema. "Atapimaje hiyo asilimia?" Mwandishi akakuna kichwa, kisha akasema kuna njia wanayofundishwa darasani ambayo hakufikiria kuiandika, kwa kuwa aliona si ya kitaaluma.

Njia yenyewe ni hii. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado ni mabichi mno kuwekwa ghalani, yaanike tena.

"Iandike hiyo!" karibu sote tukasema kwa pamoja. Lakini kijana wa Makueni hakuwa amemaliza. "Na uandike kwamba kipimo hicho kinaonyesha unyevu, hakionyeshi sumu. Wasije wakafikiri chumvi isiposhika basi mahindi ni salama." Sentensi hiyo ikaingia. Naamini ndiyo sentensi bora katika makala nzima, na haikuandikwa na mwandishi. Iliandikwa na chama.

Mchango wangu siku ile ulikuwa mdogo: niliondoa 'inashauriwa' tatu na kuweka 'fanya'.

Binti yule ameiandika upya makala yake mara nne. Nakala ya mwisho ina kurasa tatu, na moja imebandikwa kwenye mlango wa duka la nafaka katika soko la kwao. Iliyosahihishwa na wanane inasomwa na watu ambao hawajui kwamba kuna chama. Sijui kama imemwokoa mtu. Najua kwamba sasa anayetaka kusoma anaweza.

Mwenyekiti naye amenijia juzi na swali. "Prof, mwaka huu hatukati keki?" Nikamwambia kateni, na picha mpige, mradi kabla ya keki tusikilize kazi tatu zilizokosolewa na kusahihishwa. Akaafiki, ingawa aliuliza kama fulana zinaweza kubaki. Fulana hazina hatia.

Kwa walezi wenzangu katika vyuo vidogo na vikubwa, nina ombi moja. Lichukueni jarida la mwisho la chama chenu. Ondoeni kurasa za salamu, zikiwamo zenu. Ondoeni picha, vichekesho na yale yaliyonakiliwa. Kisha ondoeni kila ukurasa unaosema tu kwamba Kiswahili ni kizuri. Hesabuni zinazobaki.

Nilihesabu za kwetu, katika jarida lile la kurasa 32. Haukubaki hata ukurasa mmoja. Mwaka huu, kufikia sasa, tunazo kurasa tatu.